Daraja la Tatu

Dobi ya mashine nyuma ya kituo cha tramu, Hakodate,
saa nne usiku, theluji imefika magotini.
Mashuka ya wodi yangu hayafuliwi hapa; hapa
nafua soksi zangu tu, na kusikiliza zogo la wale wawili.

Yasuhide, udaktari wa meno, mwaka wa tano anaourudia,
kakalia kikapu cha nguo kama mfalme aliyepinduliwa.
Nagisa, dereva wa greda la theluji, buti bado miguuni,
anamenya chungwa, maganda anatia mfukoni.
Habari ni ileile ya kila Alhamisi: Ufalme wa Kutu,
michezo minne, miaka kumi na mitatu,
na upi kati yake umetuua zaidi.

"Wa pili," asema Nagisa. "Kile kinamasi!
Ukitembea unaoza, ukisimama unaoza,
unakunywa dawa, kumbe dawa nayo imeoza."
"Wa pili ni wa watoto," Yasuhide akamkata.
"Wa kwanza ndio mchezo. Hakuna ramani, hakuna huruma,
mlango unafunguka upande mmoja, nao si upande wako.
Ukifa, umesoma. Ukifa tena, umerudia somo."
Kwa kurudia masomo, huyu ni shahidi wa kuaminika;
Nagisa kacheka mpaka mbegu ikampalia.

Kisha likaja, maana halikosi kuja, daraja la tatu,
na Bibi wa Daraja, mikono sita, taa moja.
Nimekufa pale mara mia mbili na kumi na nne,
nimehesabu kwa kalamu nyuma ya kadi ya zamu.
Asiyekubali kushindwa si mshindani, wanasema;
basi mimi nimekubali hadi wino ukaisha.
Hupiga mara tatu, hunyamaza, na pigo la nne
hulichelewesha kwa pumzi moja.
Pumzi hiyo ndiyo kaburi letu sote.

"Si umwite mtu," kasema Nagisa. "Alama ipo chini, inang'aa,
unaigusa, mgeni anakuja, mnampiga wawili.
Kidole kimoja hakivunji chawa."
"Aitaye msaada hajashinda."
Kidole juu, kama anaonyesha jino bovu.
"Amebebwa. Mimi nilivuka peke yangu.
Bila ngao."

Nikainama kutafuta soksi isiyopotea.

Kwa sababu Jumanne, saa tisa usiku, zamu imekwisha,
miguu ndani ya beseni la maji moto,
nilikuwa nimeweka alama yangu pale darajani,
maana sasa namjua yule bibi kama mgonjwa wa siku nyingi:
lini atageuka, lini atanyamaza, lini si kunyamaza.
Nikaitwa. Aliyeniita jina lake Gego la Nyuma,
kofia kama ndoo, bila ngao,
anaviringika kila upande isipokuwa ule unaofaa.
Tulikufa mara tisa. Kila mara, kabla ya kuingia ukunguni,
alinipigia magoti, mara tatu, haraka haraka,
kama mtu anayechelewa mtihani.
Mara ya kumi lile la nne nililipokea mimi, kifuani,
na nilipokuwa nayeyuka kurudi kwetu
nikaona upanga wake umezama panapotakiwa.

Dunia ina magego mengi, najua.

"Na pigo la nne," Nagisa kauliza, "ulilikwepaje?"
Mashine zilizunguka. Kitufe cha shati kiligonga kioo, ta, ta, ta,
kikanyamaza.
"Kuna mtu," akaanza Yasuhide. Akajikuna sikio.
"Kuna siku linapita tu."

Ya kwangu ikalia, ikazima. Nikapekua mkoba:
sarafu za kumi, risiti, pipi ya koo.
Akainuka kikapuni, akatia yeni mia ya kwake,
hakuniangalia.
"Bado mbichi," alisema.

"Haya basi," Nagisa akavaa glavu, akaufungua mlango,
baridi ikaingia yote kwa pamoja,
"soksi hizo nazo zimebebwa."